Chupa Thelathini na Nane

Siku Leokadia Kisava alipoling'oa lile chekecheo kutoka mgongoni mwa Ukuta wa Hewa, hakumwambia mtu. Alifungua skrubu nne, akalitoa, likamjaa kiganjani kama andazi, akalitia katika mfuko wa aproni na kwenda zake nyumbani kupika. Alikuwa mtunza ukuta wa kijiji cha Nyalulembe kwa mwaka wa kumi na tisa, na kwa mawazo yake mtunza ukuta haitishi mkutano kwa ajili ya skrubu nne.

Sababu alikuwa nayo. Msimu uliopita mvua ya mawe iliipiga michai ya Mgongo Mfupi mara mbili, ikaiacha kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Mara zote mbili ukuta ulimpa onyo la dakika sita. Nyavu za kufunika mgongo mmoja zilihitaji dakika kumi na moja kutanda, na umeme wa mto ulitosha kutandaza mgongo mmoja tu kwa wakati, ama Mfupi ama Mrefu. Kumi na moja haziingii katika sita hata ukizikunja.

Ukuta wenyewe ulisimama sokoni, mrefu kama nyumba mbili zilizobebana, nao ulikuwa na mirija ya kioo mia nne na kumi na miwili, mmoja kwa kila nyumba. Katika kila nyumba ya Nyalulembe palibandikwa kidude kidogo kuliko kiberiti, ambacho watu walikiita sikio. Hewa ina uzito wake, ingawa tumezaliwa chini yake na hatuusikii. Uzito ukiongezeka, sikio linahisi, na maji ya buluu katika mrija wa nyumba ile yanapanda, ukipungua, yanashuka. Mirija ilipangwa kama nyumba zilivyopangwa bondeni, za magharibi kushoto, za mashariki kulia, hata mtu aliyesimama sokoni akila muhogo wa kuchoma aliweza kuiona hali ya hewa ikipita ukutani kama upepo unavyopita katika shamba la ngano.

Sasa, wingu la mawe likikaribia, hewa baridi humwagika kutoka tumboni mwake kama maji ya beseni, ikaisukuma hewa iliyo mbele, na msukumo huo hufika kabla ya wingu. Ila ni mdogo. Ni mdogo sawasawa na msukumo wa mlango unaofungwa katika nyumba iliyozibwa vizuri, na nyumba za Nyalulembe zilizibwa vizuri hasa; tangu zilipojengwa upya kwa kuta za sufu na mianzi, baridi ya Juni ilikaa nje na joto la jiko lilikaa ndani. Waliojenga ukuta walilijua hilo. Ndiyo maana waliweka chekecheo, lichuje viwimbi vyote vidogo, vya milango na vya mawingu pamoja, lipitishe vikubwa tu.

Na hapakuwa na njia ya mtunza kuviona viwimbi hivyo peke yake. Juu kabisa ya ukuta yalichongwa maneno kwa shaba: ANACHOKIONA MTUNZA, KILA MTU ANAKIONA. Wazee waliyaweka baada ya miaka mingi ya kuishi chini ya kiwanda kilichokuwa na mitambo yake ofisini, kikijua mchana kutanyesha mawe na kuwaacha watu waendelee kuchuma. Kwa hiyo ukuta haukuwa na chumba cha nyuma. Ulikuwa kioo kitupu, mbele ya macho ya kila mtu.

Siku tatu baada ya zile skrubu, wingu lilikuja kutoka magharibi. Viwimbi vilitangulia ukutani, vidogo kama kope zinavyopepesa, mrija kwa mrija. Leokadia alivuta mkono wa chuma wa Mgongo Mfupi, nyavu zikatanda, akakaa kwenye ngazi akisubiri. Mawe yalipoanza kudunda juu ya nyavu, zilikuwa zimepita dakika kumi na nne kamili.

Kijiji kilimbeba mabegani. Kwaya ilimtungia wimbo. Mara mbili zaidi mwezi ule alilishinda wingu, na watu wakaliacha jina lake la ubatizo, wakawa wanamwita Mama Kumi na Nne. Alitembea sokoni kama aliyevaa viatu vipya.

*

Palikuwa na benchi mbele ya ukuta, na kwenye benchi hilo waliketi wanawake waliomaliza kulea. Mkubwa wao alikuwa Oresta Ngimba, mwenye macho makali na kumbukumbu ya karani. Haikuchukua wiki kabla hawajagundua kwamba ukuta sasa unasema mambo mengine zaidi ya mvua.

Kwanza ilikuwa mchezo. Waligundua kwamba kwaya ya kigango cha juu imeongeza ngoma, kwa sababu saa kumi jioni mirija ya nyumba tatu jirani ilicheza kwa mapigo. Kwaya ya kigango cha chini ikapata habari na kuanza kufanyia mazoezi yake shambani. Waligundua kwamba mwalimu mkuu, aliyesifika kwa kudamka alfajiri, mlango wake haufunguki kabla ya saa mbili. Waligundua ni nani hula chakula cha jioni mara mbili, kwao na kwa mama yake. Leokadia alikuwa akifuta vioo kwa kitambaa na kuwasikiliza, na lazima isemwe kwamba alicheka pamoja nao. Siku moja yeye mwenyewe aliwaonyesha mrija walioupitia bila kuuona.

Halafu wakafika kwa Mzee Fidelis Mdegela.

Mzee Fidelis alikuwa mjane wa miaka themanini na mmoja, aliyekaa peke yake pale bonde linapogawanyika, hatua mia mbili kutoka sokoni. Kila asubuhi, kuanzia saa tatu, mrija wake uliruka. Oresta alihesabu: mara ishirini, siku nyingine ishirini na tano. Nyumba inayofunguliwa mara ishirini na tano asubuhi, alisema, ama ni zahanati ama ni kilabu cha pombe ya ulanzi, na Mzee Fidelis hana cheti cha uganga.

Benchi lilicheka. Lakini jambo lile halikuishia kwenye kicheko. Mjukuu wa Mzee Fidelis alikuwa akimtaka binti wa kaka yake Oresta, na mzee ndiye aliyechaguliwa kuwa mshenga. Oresta, kwa nafasi yake ya shangazi, alituma ujumbe kwamba familia haitaweza kumpokea mshenga ambaye nyumba yake inaingiwa kama soko. Watafute mwingine, au waache.

Siku mbili baadaye, mrija wa Mzee Fidelis ulinyamaza. Haukupanda wala kushuka. Kesho yake ilinyamaza mingine minne. Kufikia Jumatano ya wiki iliyofuata, mirija thelathini na minane ilikuwa imesimama tuli, mingi yake palepale kwenye mgawanyiko wa bonde, kana kwamba nyumba zile zilikuwa zimehama kutoka chini ya mbingu hii na kwenda kukaa chini ya nyingine isiyo na hali ya hewa.

Leokadia alidhani masikio yameharibika. Alijaza mfuko masikio mapya, akamwomba Ndahani Chilongani amsindikize, kwa kuwa naye alikuwa akienda upande ule kukagua nguzo za nyavu.

Ndahani alikuwa Mgogo, fundi wa nyavu, na kwa hiyo mtani wa kijiji kizima. Miaka saba aliyoishi Nyalulembe hakuna aliyewahi kumkasirikia, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Aliingia kwenye nyumba za watu akiuliza kama mbwa wa jirani amekwisha kuiva. Nao walimpa kiti na kumuuliza kama bakuli lake la kuombea amelisahau Dodoma.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya katekista. Walikaribishwa, wakakalishwa, na chai ikaletwa katika sufuria, ikachotwa kwa kikombe. Leokadia aliona ajabu kidogo. Nyalulembe ni nchi ya chai, na chai ya mgeni hutoka kwenye chupa. Ya sufuria ni ya mafundi wanaochimba msingi. Alidhani chupa ya katekista imevunjika. Alipouliza habari za sikio, aliambiwa liko salama, mama, liko salama kabisa, bila kuambiwa liko wapi. Ukutani palibaki alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi ya pembeni.

Nyumba ya pili, sufuria. Ya tatu, sufuria. Ya nne, mwenye nyumba alichota chai huku akiuomba radhi ukuta wa sebule badala ya wageni. Ya tano, Leokadia aliiona chupa yenyewe, nzima, rafiki wa kila sebule, imekaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akanyoosha mkono ili amsaidie mama wa watu kumimina. Mama yule aliruka, akaikumbatia.

"Hii ni ya wageni," alisema.

"Na sisi tuliokuja ni nani?" akauliza Ndahani. "Mbuzi?"

Mama yule aliigeuza chupa kifuani, na kitu kidogo kikagonga ndani yake, tik, kama kokoto.

Walipotoka, Ndahani alilazimika kushika nguzo kwa kucheka. Leokadia hakucheka. Alikuwa ameelewa yote kwa mara moja. Kulibandua sikio na kulitupa ingekuwa kumtukana yeye, mtunza, na watu wa Nyalulembe hawamtukani mtu. Kwa hiyo walilitia ndani ya chupa, kwa heshima, wakafunga kifuniko kwa nguvu za mikono miwili. Ndani ya chupa hewa inabaki vilevile ilivyokuwa siku ya kufungwa. Masikio thelathini na manane yalikuwa mazima, yenye joto, viziwi, na kila moja lilikuwa likiuambia ukuta kwamba leo ni siku njema, na kesho, na siku zote.

Ndahani alikwenda kwenye nguzo zake. Leokadia aliendelea peke yake hadi kwa Mzee Fidelis, na kabla hajafika alimwona kupitia ua wa michongoma.

Mzee alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe, amevaa koti la Pasaka, fimbo mkononi. Aligonga. "Hodi wenyewe," alisema kwa sauti ya taratibu. Alisubiri. Alifungua mlango, akaingia, akaufunga. Baada ya kitambo akatoka, akajitazama miguuni, akatikisa kichwa kama mwalimu asiyeridhika, akagonga tena. Safari hii alianza na mguu mwingine.

Leokadia alikohoa. Mzee aligeuka, na kwa kitambo, wote wawili walitafuta pa kuweka macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alivuta koti lake. "Umeona?"

"Nimeona, baba."

Ndipo alipomweleza. Alikuwa amezika mke, amejenga nyumba tatu, amekaa baraza la kata miaka kumi, lakini hakuwahi kumposea mtu. Mshenga akikosea mlangoni, neno lote limekosewa. Aingie na mguu upi? Avue kofia kabla ya hodi au baada yake? Alikuwa akijifunza, basi. Na sasa asingeweza hata kujitetea, maana mzee gani atasimama mbele za watu aseme kwamba milango ile ishirini na mitano ilikuwa yake mwenyewe, akiingia kwake mwenyewe?

Leokadia alimwambia kwamba neno lake moja, la mtunza, lingemaliza uvumi wote. Mzee alimkataza.

"Mwanangu," alisema, "mtu akijifunza kitu uzeeni, anajifunzia ndani, mlango umefungwa. Wewe umeniondolea mlango."

Halafu akamkaribisha chai. Ilikuwa ya sufuria.

*

Njia nzima ya kurudi, Leokadia alibishana na nafsi yake. Akilirudisha chekecheo, watu watapata milango yao, na onyo litarudi kuwa dakika sita. Mawe yatakula chai, na ni chai iliyojenga zile nyumba zenye milango. Akiliacha, chupa zitaongezeka, na ukuta uliojaa chupa hauna hata hizo sita. Kuwalazimisha wafungue? Sheria ndogo za kijiji zilimruhusu. Lakini kila alipojiona akiingia kwa mama yule wa nyumba ya tano na kumnyang'anya chupa kifuani, aliona aibu. Mwisho aliona kwamba kosa halikuanza na chupa. Lilianza na skrubu nne.

Aliitisha mkutano Alhamisi, saa nane mchana, sokoni, mbele ya ukuta. Watu walikuja wote, maana walidhani ni sherehe.

Alisimama kwenye ngazi yake, akatoa chekecheo mfukoni mwa aproni na kuliinua. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeling'oa, kwa mikono yake, bila kumuuliza mtu. Alisema kwamba zile dakika kumi na nne zilizomwinua mabegani zilinunuliwa kwa milango ya watu, na kwamba hakuwauliza wenye milango. Alisema pia kwamba alikaa karibu na benchi na kucheka, na mara moja alionyesha mrija kwa kidole. Alisema yuko tayari kulirudisha pale alipolitoa, na kuirudisha aproni kwa kijiji kama wakitaka.

Hapakuwa na aliyepiga makofi, wala aliyezomea. Mwenyekiti Luvanda, mtu mnene mwenye kupenda utaratibu, alisimama akasafisha koo. Alisema kabla ya kuamua ni vema kijiji kijue hali ya masikio. Je, kuna mwananchi yeyote ambaye sikio lake, kwa sababu moja au nyingine, haliko mahali pake?

Watu mia sita walitazama ardhi. Katekista alisoma tena maneno ya shaba kana kwamba ni mapya. 

Ndipo Ndahani alipopanda juu ya kreti.

"Watani zangu," alisema, "mimi nimetoka nchi ya ukame. Kwetu tunaficha maji. Mahindi tunaficha. Lakini sijaona watu wanaoficha hewa, tena kwenye chupa ya chai. Nimezunguka nyumba tano Jumatano, nimenyweshwa sufuria tano, na usiku tumbo langu lilikuwa linasema hodi lenyewe. Mko thelathini na wanane. Mwenyekiti, kaa chini, na wewe umo."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama wimbi, na Mwenyekiti Luvanda akakaa chini. Mtu mwingine angesema maneno yale, pangekuwa na kesi. Yalisemwa na mtani, kwa hiyo watu walijifuta machozi na kuanza kusukumana: wewe umo? Na wewe je?

Leokadia peke yake hakuwa akiwatazama watu. Alikuwa ametazama juu, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, na kushoto kabisa mwa ukuta, kwenye nyumba za magharibi, mrija mmoja ulipepesa. Halafu wa pili yake. Halafu safu.

"Nyamazeni," alisema, na wakanyamaza.

Kiwimbi kilikuja kikitembea, kizuri, dhahiri, mrija kwa mrija, hadi kwenye mgawanyiko wa bonde. Hapo kilikufa. Thelathini na minane ilisimama tuli, imeshiba hali njema, na hakuna aliyeweza kuona kama wingu linageukia Mgongo Mfupi au Mgongo Mrefu. Umeme ulitosha mgongo mmoja. Leokadia alishika mkono wa chuma wa Mfupi, kwa sababu Mfupi ndio uliopigwa mwaka jana, kisha akauona mkono wake ukisita. Kubahatisha si kupima.

"Nina dakika mbili za kungoja," aliwaambia. "Baada ya hapo nitavuta mmoja kwa kubahatisha. Siwalazimishi."

Mtu wa kwanza kuondoka alikuwa Mzee Fidelis. Alichukua fimbo yake, akapita katikati ya watu, akaelekea kwake kwa mwendo ambao ulikuwa umeacha kuwa kutembea ingawa haujawa kukimbia. Watu wakaugeukia mrija wake. Haukusogea. Haukusogea. Halafu maji ya buluu yakaanguka ghafla, kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi, yakapanda kidogo, yakaanza kupepesa.

Hapo ndipo soko lilipochangamka. Kila mtu aliinua kidole chenye pete ya simu na kukisemesha. Fungua chupa. Nasema fungua chupa ya kabatini, si ile ya chai. Mwambie bibi afungue. Kama imekaza ivunje, nitanunua nyingine. Katekista aligeuza uso ukutani na kunong'ona, lakini mrija wake ukaanguka mbele ya waumini wake wote, na wakashangilia. Ukaanguka wa mwalimu mkuu. Ukaanguka wa Mwenyekiti. Mmoja baada ya mwingine, nyumba zile zilirudi chini ya mbingu, na kila mrija ulipoamka watu walimtaja mwenyewe kwa jina kama wanavyotaja timu. Uliokuwa wa mwisho kuamka ulikuwa wa Oresta Ngimba.

Benchi zima likamgeukia. Oresta alitazama mbele. "Na mimi nina mlango," alisema.

Leokadia alikuwa amekwisha kuona alichokuwa akikitafuta. Viwimbi vilikuwa vimepinda. Vilikuwa vinapanda kulia, mrija kwa mrija, kuelekea Mgongo Mrefu, ambako mawe hayakuwa yamepiga kwa miaka tisa. Aliuachia mkono wa Mfupi, akaurukia ule mwingine na kuuvuta kwa uzito wote wa mwili wake. Upande wa pili wa bonde, nyavu zilianza kujikunjua kwenye nguzo, nyeupe, mtaro baada ya mtaro. Ndahani alizihesabu kwa sauti kama mtu anayeita ng'ombe wake. Mtaro wa mwisho ulifungwa, na watu walikuwa bado wanavuta pumzi ya kushangilia wakati jiwe la kwanza, kubwa kama punje ya njugu, lilipoanguka juu ya bati la soko.

*

Mkutano uliendelea chini ya bati, kwa kelele, mvua ya mawe ikichangia hoja zake. Mzee Fidelis alirudi ameloa, chupa kwapani, akapewa nafasi ya mbele. Hakukaa. Alivua kofia na kusema kwamba mwanamke aliyesimama juu ya ngazi na kutaja kosa lake mbele ya kijiji amemwaibisha yeye anayeficha jambo lisilo hata kosa. Milango ile ishirini na mitano ilikuwa yake. Alikuwa akijifunza kubisha hodi, kwa ajili ya Jumamosi ya posa, ambayo sasa haipo tena.

Watu walicheka, lakini walicheka kama watu wanavyocheka na mtu wao. Oresta aliinuka, akaitengeneza khanga yake begani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Jumamosi ipo," alisema. "Njoo ubishe. Tutachelewa kuitikia, ili mazoezi yako yasiende bure."

Suala la chekecheo lilichukua saa nzima. Walitaka dakika zao kumi na nne, na walitaka milango yao. Mtu alipendekeza viwimbi vioneshwe nyuma, kwa mtunza peke yake, na wazee wakapiga kelele kwamba babu zao hawakuvunja ofisi ya kiwanda ili wajenge nyingine. Leokadia mwenyewe alikataa. Alisema ameshajipima, na amejikuta anacheka. Mwishowe Mzee Fidelis ndiye aliyeuliza ni nani hapa Nyalulembe anayeweza kuwaambia ukweli wote asikasirikiwe, na kuwaambia uongo wote asiaminike. Hawakuhitaji kupiga kura. Waligeuka tu wote pamoja kulitazama kreti.

Kwa hiyo ukuta ukapata chumba cha nyuma, cha kwanza katika historia yake, na mlangoni pake pakaandikwa kwa chokaa kwamba anayekaa humu lazima awe mtani wa kijiji, na kwamba siku akisema jambo la nyumba ya mtu bila utani atatoa beberu na kuondoka. Mbele ya watu wote Leokadia alikaza skrubu nne za chekecheo. Mirija ya sokoni ikatulia, ikabaki na mawimbi makubwa tu. Kiwimbi cha wingu kikija, Ndahani angekiona kule nyuma na kupiga kengele, na Leokadia angevuta mkono.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, saa nne, Ndahani alitoka chumbani kunywa chai. Benchi lilikuwa limejaa. Oresta alimsogezea nafasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kumuuliza kwa upole mkubwa kama ameona chochote.

Ndahani alishusha pumzi ya mtu aliyelemewa. Alisema ameona mengi. Kwa katekista ameingia nyati alfajiri, akatoka saa moja akiwa amebarikiwa. Mwalimu mkuu anafuga treni. Mwenyekiti amefungua mlango mara arobaini kwa sababu hakumbuki yuko ndani au nje. Na kwa Oresta mwenyewe, alisema akipunguza sauti, tangu jana wamelala maaskofu sita, na wote wanakoroma.

Wanawake walijipiga mapaja kwa kucheka. Oresta alimwambia Mgogo arudi Dodoma akaombe akili, kwa kuwa chakula amekwisha kupewa. Leokadia, juu ya ngazi na kitambaa chake, alisikiliza kwa makini. Pengine katikati ya nyati na maaskofu palikuwa na jambo moja la kweli. Mwalimu, labda, au mlango wa Mwenyekiti. Alijaribu kulitafuta, akaona halipatikani, akaendelea kufuta vioo.